Hakikuwa Kimeo

Tangu turudi, wengi wenu mmepita nyumbani kunijulia hali na kuuliza kilichompata mjukuu wangu. Wapo waliosikia kwamba alikatwa kimeo vibaya. Wapo waliosikia kwamba alimlilia bibi yake mpaka koo likafunga. Nilinyamaza, kwa sababu hadithi zote mbili zilinifaa mimi kuliko ile ya kweli. Sasa naiandika ya kweli, kituo kwa kituo kama tulivyosafiri. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo mtanivumilia pale ninapokosea.

Nyumbani hadi kwa mkata kimeo

Mnajua mke wangu alifariki mwanzoni mwa masika. Siku ya maziko, wanakwaya waliotoka mjini walileta mishumaa midogo ya betri, ile ya plastiki ambayo mwanga wake unachezacheza kama moto, wakaizungushia picha yake. Matanga yalipoanuliwa, mchungaji alisema tumwache mama apumzike, nasi turudi mashambani. Niliitikia mbele ya watu wote. Mishumaa ikatupwa, isipokuwa mmoja nilioufunika kwa koti.

Niliuweka chumbani kwangu juu ya sanduku lake la nguo, picha ikiwa nyuma yake. Kila ulipofifia nilikwenda Haneti kununua betri nyingine: bapa, ya duara, inayokaribia ukubwa wa sarafu ya hamsini. Muuza duka alidhani nina rimoti nyumbani inayokula betri. Nilimwacha adhani hivyo.

Ninaishi na mke wa mwanangu na mtoto wao, Daudi, ambaye ameanza kutembea ila maneno yake bado machache. Mwanangu yuko machimboni. Jina la mkwe wangu silitaji, ndivyo nilivyolelewa. Sisi wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hatukai benchi moja, hatuli sahani moja, wala hatuongei ana kwa ana bila sababu kubwa. Tulikuwa tunampitishia Daudi maneno. Yeye anamwambia mtoto, "Mwambie babu uji uko tayari," nami namwambia mtoto, "Mwambie mama nakuja." Daudi anatutazama kwa zamu na kucheka. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokwenda tangu mama mwenye nyumba aondoke, na haikutusumbua.

Jioni moja Daudi alikataa ugali. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni mpaka fulana ikalowa kifuani, na kila alipojaribu kumeza alilia. Bibi Sechelela, jirani yetu, alikuja akamfungua mdomo kwa mpini wa kijiko, akachungulia kwa tochi.

"Kimeo hicho," akasema. "Kimeshuka mpaka kinamgusa ulimi. Hamwoni anavyokohoa?"

Mama mmoja aliyekuwa amekuja kuomba chumvi akasema si kimeo, mtoto anamtafuta bibi yake, watoto wanajua. Hilo liliniuma, tena lilinifariji kidogo, nisiwafiche. Nilipenda kufikiri kwamba kuna mwingine humo ndani asiyekuwa amemaliza kulia.

Asubuhi niliukuta mshumaa umelala kifudifudi sakafuni. Kifuniko chake cha chini kilikuwa wazi na betri haikuwemo. Nikajiambia kwamba niliitoa mwenyewe jana nilipotaka kubadilisha, nikasahau. Niliwaza hivyo haraka, nikauchukua mshumaa nikautia chini ya nguo za marehemu, nikafunga sanduku. Sikutaka kuendelea kuwaza.

Mkata kimeo anakaa kijiji cha pili, nyuma ya vilima. Tulipata pikipiki moja tu. Mwenye pikipiki alisema tupande sote, mama katikati na mtoto, mimi nyuma. Nikamuuliza kama ana akili timamu, nitambanaje mkwe wangu kifuani mbele ya kijiji kizima. Basi wao wakatangulia na mimi nikafuata kwa baiskeli kwenye mchanga, nikisukuma zaidi kuliko kupanda. Nilipofika nilikuta wamekaa tu, wananisubiri. Mkata kimeo alikuwa amekataa kumgusa mtoto kabla mkubwa wa nyumba hajafika. Jua lilikuwa limeshapanda. Muda wote huo mtoto alikaa na maumivu yake kwa sababu mimi niliona haya kupanda pikipiki.

Kwa mkata kimeo hadi Haneti

Alikuwa mzee mchangamfu, na wanawake kadhaa walikuwa wamekaa uani kwake na watoto wao. Alimpakata Daudi kwa upole, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kirefu," akasema. "Wembe mmekuja nao?"

Hatukuwa nao. Siku hizi hakati mtu kwa wembe wa mwingine, akasema, hata yeye anaogopa maradhi. Nikapanda tena baiskeli kwenda dukani. Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko shamba, akatumwa mtoto wake kunifungulia. Nilirudi na wembe mkononi nikamkuta mkwe wangu amesimama, Daudi mgongoni, na chini pana matapishi ya mate yenye nyuzi za damu.

Alimgeuzia mtoto uso, lakini sauti ilikuwa yangu kuisikia. "Mwambie babu hakatwi. Mwambie babu tunakwenda hospitali."

Mkata kimeo alikasirika. Alisema damu hiyo ni kimeo kimeanza kuchanika chenyewe, na kwamba mtoto wa kimeo akichomwa sindano ya hospitali hafiki jioni. "Mtarudi kunililia hapa," akasema. "Na mimi nitakuwa nimelala."

Niliogopa maneno yale. Mtoto wa kaka yangu alikufa baada ya sindano, na tulisema ni kimeo, na mpaka siku ile nilikuwa naamini hivyo. Nilitaka kumsihi mkwe wangu tumalize kilichotuleta. Lakini ningemsihi kupitia nani? Daudi alikuwa ameegemeza shavu mgongoni kwa mama yake, macho nusu yamefumba, na mtoto wa namna hiyo humpi ujumbe apeleke. Kwa hiyo nilinyamaza, na safari hii kunyamaza kwangu kulisaidia. Ni mara hiyo tu kuliposaidia siku ile.

Baiskeli niliiacha pale kwa yule mzee. Pikipiki iliwapeleka wao Haneti kwanza, ikarudi kunichukua peke yangu, na hilo nalo lilichukua muda wake.

Pale kituo cha afya cha Haneti, nesi alitupokea vizuri. Alimsikiliza Daudi kifua, akamtazama mdomoni, akasema kimeo chake ni cha kawaida kama cha mtoto mwingine yeyote. Mkwe wangu alikuwa amekaa naye karibu, mimi nimesimama mlangoni. Nesi akauliza, akinitazama mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa mkubwa:

"Babu, kuna kitu amemeza? Sarafu, kifungo, betri ndogo? Fikiria vizuri."

Mshumaa ule ulinijia machoni, umelala kifudifudi, kifuniko wazi. Nilijua. Sitasema nilishuku. Nilijua, kama mtu anavyojua nani anabisha hodi kabla hajafungua.

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Nyumbani kwetu hakuna vitu hivyo."

Mmeniuliza kwa nini, wale wawili niliokwisha kuwaambia. Mkwe wangu alikuwa palepale. Ningetaja betri, angeuliza ya nini, na ningesema mbele yake kwamba mimi, baba mkwe wake, mzee wa kanisa, niliyeahidi mbele ya mchungaji, bado nawasha taa kwa mke wangu chumbani kama mtoto anayeogopa giza. Nililiona hilo kubwa. Nililiona kubwa kuliko koo la mtoto, kwa muda ule uliotosha kusema neno moja.

Nesi alisema tumpeleke mjini siku hiyohiyo akapigwe picha ya kifua na koo, na njiani tusimpe chakula kigumu.

Haneti hadi Msalato

Basi lililotoka Kondoa lilipita limejaa, halikusimama. La pili tuliambiwa limeharibika huko nyuma. Tulikaa kando ya barabara, mkwe wangu upande mmoja wa mti wa mgunga, mimi upande wa pili. Kando yetu wanawake walikuwa wamepanga chupa za asali mezani, zinang'aa juani. Mmoja alinifuata mara mbili: asali mbichi, mzee, ya mizinga ya msituni, haijachemshwa. Nilimwambia sina haja.

Mwishowe ikasimama pikapu iliyobeba mbuzi wa kupeleka mnadani Msalato. Dereva alikuwa mnene mwenye kofia ya pama, mcheshi, aliyeongea kabla hajazima injini.

"Ingieni mbele, mzee, mbele kuna nafasi. Keti na mkeo, mbuzi hawatadai kiti." Akamtazama Daudi, akanikonyeza. "Na kitinda mimba juu! Mzee, unakula nini huko kwenu? Nikifika nyumbani na mimi nimwagize mama watoto aninunulie."

Mkwe wangu aligeuza uso upande wa barabara akajifunika kanga mpaka puani. Mimi nilisema tu, "Ni mkwe wangu. Mke wangu nimemzika juzi."

Yule bwana alivua kofia. Alijaribu kusema pole, maneno hayakutoka, akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi kuliko vingine. Nilimwonea huruma. Nikampa mkwe wangu nafasi ya mbele, mimi nikapanda nyuma na mbuzi, ingawa dereva alinisihi nisifanye hivyo.

Kwa hiyo nilisafiri nimekaa juu ya tairi la akiba, mbuzi wakinitafuna mfuko wa shati, na kioo cha nyuma cha gari mbele yangu. Kupitia kioo kile niliona kisogo cha Daudi begani kwa mama yake. Kila gari liliporuka kwenye tuta kichwa kilitikisika, na kila kilipotikisika nilijiambia: kituo kinachofuata nitasema.

Kabla ya Mayamaya tairi lilipasuka. Dereva alishusha jeki, akaitafuta spana, kumbe aliiazimisha. Tukasubiri mpaka lori likapita, tukaazima. Nilishuka nikasimama karibu na mlango wa mkwe wangu, karibu kabisa, na dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anampangusa Daudi mate kwa ncha ya kanga. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Jua kali leo." Nilikuwa nimelisema kwa upande wa mtoto, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyenijibu.

Tairi lilipofungwa, dereva alisimama Mayamaya akanunua kichane cha ndizi mbivu, akampa mkwe wangu bila kumtazama. Ndiyo ilikuwa pole yake. Naye, kwa adabu, akamenya moja akaiponda kwa vidole, akamtia Daudi mdomoni. Nesi alikataza kigumu, na ndizi si ngumu. Nilimwona mtoto kupitia kioo akijinyonganyonga kwa kukohoa, ndizi ikarudi yote. Nilipiga kioo kwa kiganja. Dereva akadhani nataka kushuka kujisaidia, akasimama. Nikashuka kweli, nikaenda nyuma ya kichaka, nikasimama tu pale, nikarudi.

Msalato palikuwa na vumbi la mnada na moshi wa nyama. Dereva alikataa nauli. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nisamehe, mdomo wangu hauna breki." Nikamwambia hana kosa. Ni yeye peke yake katika safari yote ile aliyeniomba msamaha, na mimi ndiye niliyekuwa na wa kuwaomba.

Nkuhungu, kwa dada yangu

Mtauliza kwa nini bajaji tuliyokodi Msalato haikutupeleka moja kwa moja hospitali. Ni kwa sababu kwetu huwezi kuingia mji wenye ndugu yako ukaenda hospitali kwanza, kama mtu asiye na kwao. Nani atapika? Nani atashinda na mgonjwa? Ningesema betri, tungepita mlango wa dada bila kugeuka. Sikusema, kwa hiyo tukafuata desturi.

Dada yangu, Debora, anakaa Nkuhungu miaka mingi. Hakuweza kufika mazishini kwa sababu ya miguu, kwa hiyo aliponiona alianza kumlilia wifi yake. Tulikaa. Majirani wakaingia kutoa pole, shikamoo zikaitikiwa, soda zikafunguliwa. Mkwe wangu alikaa mkekani mlangoni na mtoto, anatazama nje. Mimi nilikuwa kwenye kochi nikipokea pole za watu nisiowajua, na kila pole ilinikaa vibaya mwilini.

Dada alikuwa amepika mlenda. Aliposikia mtoto hamezi, akasema hapo ndipo mlenda ulipo na kazi yake, unateleza wenyewe, kama kuna kitu kimekwama utakishusha. Akachota kwa tonge dogo, akaupoza kwa kupuliza. Mkwe wangu akampakata Daudi akamwelekeza.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nilimwona dada akiingiza kidole. Nilimwona Daudi akijipinda kama upinde. Kisha akatapika, na safari hii haikuwa nyuzi. Ilikuwa damu, ikachuruzika juu ya mkeka wa dada yangu, na mtoto hakulia. Hiyo ndiyo ilinitisha, kwamba hakulia.

"Mama Daudi," nikasema.

Aligeuka kana kwamba kuna mtu mwingine ameita. Sikuwahi kumwita hivyo kwa kumtazama usoni.

"Usimpe kitu tena. Amemeza betri. Ya mshumaa."

"Mshumaa upi?"

"Wa mama. Niliubakiza. Uko chumbani kwangu."

Alimtia Daudi mgongoni, akakaza kanga, akatoka bila viatu. Dada yangu alibaki na mkono wenye mlenda hewani.

"Kaka," akasema, "ulijua?"

"Tangu Haneti."

"Na umekaa hapa unakunywa soda?"

Nilichukua ndala za mkwe wangu mlangoni nikamkimbilia.

Kupitia Makole hadi hospitali

Katika bajaji tuliyoisimamisha barabarani tulikaa kiti kimoja, magoti yakigusana, na hakuna kati yetu aliyejali. Pale Makole palikuwa na foleni ya magari. Mkwe wangu alimwambia dereva, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, apande juu ya kingo za barabara, na dereva akapanda. Mimi nilishika ndala mikononi mpaka tukafika.

Hospitali nilisema neno lile mlangoni, kwa mtu wa kwanza niliyemwona na sare, kumbe alikuwa mlinzi. Hata yeye alikimbia. Nawaambia hili ili mlijue: tulikuwa na watu wengi mbele yetu kwenye mabenchi, na neno betri lilitupitisha mbele ya wote. Neno hilo nilikuwa nalo Haneti. Nilikuwa nalo kando ya barabara, na juu ya tairi la akiba, na kwenye kochi la dada yangu.

Picha ilionyesha duara jeupe juu kidogo ya kifua. Daktari, mwanamke wa umri wa mwanangu, alituonyesha kwamba ukingo wake ni kama duara mbili, moja ndani ya nyingine, na ndivyo wanavyoitambua wasiichanganye na sarafu. Akaniuliza ilikuwa lini. Nikasema jana jioni, huenda kabla. Akaniuliza tulimpa nini.

"Maji. Ndizi. Na mlenda."

"Asali hamkumpa?"

Nikamwambia hapana. Akaeleza akiwa anavaa glovu, kwa haraka, bila kunikaripia. Betri ikikaa kwenye koo lenye mate haisubiri kupasuka. Inaunguza ikiwa nzima, kama magadi makali yaliyobandikwa kwenye nyama, na saa chache zinatosha kutoboa. Mtu akijua mapema, akimbie hospitali, asimtapishe mtoto, asimpe chakula cha kusukumia. Na kama mtoto ametimiza mwaka, alambe asali kidogo kidogo njiani, maana inapunguza ule mchomo. "Lakini ni kwa saa zile za mwanzo," akasema. "Sasa hapana. Sasa tunaitoa tu."

Nikaziona zile chupa pale Haneti. Sikumwambia.

Wakamchukua Daudi. Watamlaza usingizi, waingize mrija wenye kamera mdomoni, waivute. Kama koo limetoboka, alisema, itakuwa habari nyingine, na hatatuficha.

Tulibaki kwenye korido. Mkwe wangu alikaa, mimi nilisimama. Nilimwekea ndala miguuni, hakuzivaa. Baada ya muda aliongea, na alinitazama mimi.

"Nesi alipouliza pale Haneti. Ulijua, baba?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

Kisha akasema, "Basi baba yake utampigia wewe. Mimi siwezi kumwambia kwamba baba yake ndiye aliyefanya hivi."

Nikampigia. Nyuma yake palikuwa na kelele za mashine za kuponda mawe. Nilimwambia yote, hata soda.

"Mama hakuwa na haja ya taa," mwanangu akasema mwishowe. "Mama alikuwa anazima koroboi mapema tusimalize mafuta. Ulimwashia nani, baba?"

Nikamwambia nilijiwashia mimi.

Jua lilipokuwa linazama, daktari akatoka. Betri ilikuwa imetoka, na koo halikutoboka, ila limeungua vibaya upande mmoja. Alitukabidhi ikiwa ndani ya kichupa, imegeuka nyeusi. Mkwe wangu ndiye aliyenyoosha mkono kuipokea.

Wodini

Daudi alilishwa kwa mrija wa puani kwa wiki kadhaa. Mkwe wangu alilala naye wodini, mimi nikalala uani penye wasindikizaji, kwenye mkeka aliotupatia Debora, ule uliofuliwa damu. Dada alileta uji kila asubuhi. Alinisalimia kwa kifupi na kunipa bakuli, na nilistahili kifupi hicho.

Kilichonitesa zaidi ni sifa. Mama mmoja kutoka Singida, aliyekuwa akimuuguza binti yake, aliwaambia wenzake kila siku wamwone babu huyu: amefiwa na mkewe, bado analala chini kwa ajili ya mjukuu, wanaume wa namna hii wameisha. Wakanipa chapati. Mara ya kwanza nilikula. Mara ya pili nilimwambia kilichotuleta, na nani alikificha. Alinitazama, akaifunika sahani, akahamia upande mwingine wa ua. Nililala vizuri kidogo siku ile.

Mkwe wangu alikuwa ananiambia mambo moja kwa moja sasa: leta maji, daktari anakuja, kaa naye nikaoge. Hakukuwa na ukali ndani yake, wala hakukuwa na kitu kingine chochote. Tuliacha kumpitia Daudi, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki ndogo, ya kukwaruza.

Tuliruhusiwa alipoweza kumeza uji mwepesi bila kulia. Koo limeacha kovu na limekuwa jembamba. Atarudishwa mjini mara kwa mara kulipanua, na daktari hakutaka kutuahidi ni mpaka lini. Mkiona anakula taratibu kuliko wenzake, ndiyo sababu.

Kurudi Haneti

Basi lilitushusha Haneti siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wamejaa barazani, wengi wao mnawajua, na watoto wakining'inizwa kwenye mzani. Nilimwambia mkwe wangu naomba dakika chache. Nilimtafuta yule nesi nikamwambia kwamba siku ile alipouliza, nilimdanganya.

Alikuwa anaandaa chanjo. Aliweka chini alichoshika. Sikujua atasema nini, na nilitamani anifokee. Alisema tu, "Babu, waambie hawa. Mimi nawaambia kila wiki wananiona ninasoma risala."

Nikatoka barazani nikasimama mbele yao, kofia mkononi. Nilianza na betri ilivyo, nikaonyesha ukubwa wake kwa vidole. Nikasema zimo kwenye rimoti, kwenye saa, kwenye mizani midogo, kwenye vitu vya kuchezea vinavyoimba. Nikasema mtoto anavyotoa mate na kukataa chakula, na kwamba sisi tulikimbilia kimeo. Walisikiliza. Nilipofika pale nesi aliponiuliza swali, sauti ilikatika.

Mara moja wakaanza kunionea huruma. Bibi Sechelela, aliyekuwa ameleta kitukuu chake, akasema basi, babu, inatosha, pole sana, ni bahati mbaya tu, haikuwa kosa la mtu. Mwingine akasema msiba unamchanganya mtu akili, nani asiyejua. Mwingine akaniletea kigoda. Walikuwa wananiheshimu, na heshima ile ilikuwa inanifungulia mlango wa kutokea, na nawaambia ukweli, mguu mmoja ulikuwa umeshageuka.

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, Daudi mgongoni. Hakupaza sauti.

"Mwacheni baba amalize," akasema.

Baraza zima likageuka kumtazama, kisha likanigeukia mimi. Nilikisogeza kile kigoda pembeni, nikamaliza nikiwa nimesimama.